Gari Lililofika Lenyewe

Kikao kilifanyika sebuleni, Jumapili baada ya chakula, na mwenye gari hakuulizwa kitu mpaka chai ilipoletwa. Kaka yake mkubwa, msimamizi wa ujenzi, mtu wa kutembea na futi ya chuma mfukoni hata akienda kuona mgonjwa, alikuwa ameshapima. Pale lilipoegeshwa gari la marehemu baba panaingia vyumba viwili na choo. Gari lenyewe, alisema, ni chuma chakavu kinachosubiri mzani.

Mwenye gari alikuwa fundi viti. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameshona viti vya magari ya watu katika kibanda cha bati karibu na stendi, na wengi wa mji ule waliketi juu ya kazi ya mikono yake bila kumjua. Hakuwa msemaji. Kazini alikuwa na misumari midogo mdomoni muda wote, na wateja walizoea kumsoma nyusi: zikipanda, bado, zikishuka, njoo kesho.

Baba yao alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake, saluni ya rangi ya maziwa yenye gia ya usukani, lilifundisha nusu ya mji. Lilikwaruzwa na kuta, likagonga nguzo, likapandishwa kwenye maua ya watu, na katika miaka yote hiyo halikumdhuru mtu. Mzee alipokaribia kufa alimwachia binti yake, huyu fundi viti, maana wanawe wa kiume walishalikataa zamani. Waliliita mkweche. Sasa mkweche ulikuwa umekalia kiwanja, na kiwanja kilikuwa na wenyewe.

Fundi viti aliweka kikombe chini. Alisema mwezi ujao kuna maonyesho ya magari ya zamani katika mji mkubwa, kilomita mia mbili themanini, naye atalipeleka. Kaka alicheka mpaka akashika meza. Akauliza litabebwa na lori la nani. Akajibiwa kwamba litakwenda kwa magurudumu yake. Wifi mtu akadakia kuwa heri wangelitanguliza leo, labda lingewahi.

"Basi tuwekeane neno," kaka akasema. "Likifika lenyewe, sigusi tena hapo. Lisipofika, pale pale litakapokwama ndipo litakapouzwa kwa kilo."

"Sawa. Likifika lenyewe."

Mama yao, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha pembeni, alifumbua jicho moja akasema amesikia, kisha akalifumba.

Wiki zilizofuata, fundi makenika mmoja aliyezoeleka kwa jina la Spana alilifungua gari likabaki mifupa. Alibadilisha plagi, mkanda wa feni na mipira yote ya maji. Alipomaliza alisema injini haina neno, ila asilikimbize kwenye mlima. Viti, fundi viti alivishona mwenyewe kwa ngozi ya bandia nyekundu, mishono miwili miwili, myembamba kama njia ya sisimizi.

Kisha akafanya jambo ambalo fundi viti tu ndiye angelifanya. Alijua barabara ile ina vipande vya kokoto, akahofia uso wa gari utachubuka. Akalishonea nguo ya mbele: ngozi nyeusi iliyotiwa sponji nyembamba kwa ndani, imebana kutoka taa hadi taa, ikafunika wavu wote wa mbele. Ilimchukua siku nne. Alipoivalisha jioni ya kuamkia safari, Spana alikuwa ameshakwenda zake, na nguo ilikaa kama soksi mguuni. Alilizunguka gari mara tatu. Hakuwahi kushona kitu kizuri kama kile.

Waliondoka jua likichomoza. Yeye mbele, kaka nyuma kwa pikapu, kamba ya kuvutia ameiweka juu ya dashibodi makusudi ili dada yake aione kwenye kioo. Aliiona. Akarekebisha kioo, kikawa kinaonyesha miti.

Kilomita mia za kwanza zilikuwa tambarare na kulikuwa na baridi ya asubuhi, gari likaenda likinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Jua lilipokolea ukaja mlima. Mshale wa joto ulisogea kidogo, ukapumzika, ukasogea tena. Katikati ya mlima mvuke ukaanza kutoka kandokando ya boneti, akaegesha pembeni.

Kaka aliteremka bila haraka, mwendo wa mtu aliyealikwa na anajua chakula kipo. Hakumcheka, na hilo lilimuudhi zaidi dada yake. Alimwambia kwa upole kwamba amejitahidi, kila mtu ameona, sasa wafunge kamba warudi nyumbani mapema.

"Kaa mbali na gari langu," dada akamwambia.

Alingoja injini ipoe, akaongeza maji, akawasha. Likaenda kilomita nne, likachemsha tena. Sasa walikuwa karibu na kilele, mahali penye usawa kidogo, ambapo kikundi cha mafundi wa barabara kilikuwa kikiziba mashimo. Kaka aliegesha, akashuka na kamba yake mkononi.

Fundi viti aliiacha injini ikizunguka, akafungua boneti, akasimama. Maji yapo. Feni inazunguka. Mkanda mpya. Akaenda mbele kuegemea apate kufikiri, ndipo macho yake yakaangukia kazi yake. Ile nguo ilikuwa imevutwa ndani, imebonyea pande zote mbili kama mashavu ya mtu anayenyonya pipi. Feni ilikuwa ikitafuta hewa na hewa haikuwa na pa kupita. Gari halikuwa linashindwa mlima. Lilikuwa linapanda mlima limezibwa pua.

Hakuna aliyekuwa amegundua. Angeweza kuivua kimyakimya na kusingizia mpira wa maji. Lakini alizima injini, akatoa mkasi wake mkubwa wa kazi kwenye begi, akauchomeka chini ya taa ya kushoto na kukata moja kwa moja mpaka ya kulia. Siku nne zikaisha kwa pumzi mbili. Vipande vikabaki vinaning'inia, sponji nje, kama godoro lililoliwa na panya.

"Kosa ni langu," alimwambia kaka yake, mkasi bado mkononi. "Nimelifunga pumzi kwa mikono yangu. Likiuzwa kwa kilo, mnauza kosa langu, si gari la baba."

Kaka alitazama mkasi, akarudi nyuma hatua moja.

Walingoja karibu saa nzima. Alipowasha, gari likatoa tik moja likakaa kimya. Betri ilikuwa imechoka. Mafundi wa barabara, wanaume watatu na mama mmoja mwenye koleo, wakauliza kama wasukume. Kaka alikunja mikono kifuani akaegemea pikapu yake. Wakasukuma wao, fundi viti akatia gia ya pili, akaachia klachi, injini ikakohoa na kushika. Mama wa koleo akapiga boneti makofi mawili kama anayemuaga mgeni. Kutoka hapo mshale wa joto haukunyanyuka tena.

Saa tisa walifika kwenye uwanja wa maonyesho. Kaka alikuwa amempita kwenye taa za mwisho za barabarani, akatangulia langoni na kuegesha pikapu kwa upana, akaziba lango. Alimsogelea dirishani na kumwambia kwamba yeye si mtu wa hila, lakini neno ni neno. Walisema lenyewe. Gari hili limesukumwa, na mashahidi wanne wapo barabarani na makoleo yao.

Nyuma yao foleni ya magari ya zamani ilianza kupiga honi. Fundi viti hakuteremka.

"Kaka, siku unazaliwa mama alisukuma tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Mbona hujawahi kusema uliletwa?"

Dereva wa nyuma yake alicheka mpaka akazima gari.

Karani wa langoni, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja na fomu. Gari limefikaje? Palikuwa na visanduku vitatu: limeendeshwa, limebebwa, limevutwa. Chini yake, sahihi ya shahidi aliyeliona njiani. Fundi viti alitia alama kwenye cha kwanza, akampitishia kaka yake karatasi na kalamu kupitia dirishani.

Kaka aliisoma juu mpaka chini. Akamuuliza karani, cha limesukumwa kiko wapi?

"Hakipo, mzee. Tungekiweka, hicho ndicho kingejaa."

Kalamu ilikaa hewani. Alikuwa mtu mkaidi lakini hakuwa mwongo, na maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutia sahihi kipimo asichokiona kwa macho. Hiki alikuwa amekiona, kilomita mia mbili na themanini. Aliweka karatasi juu ya boneti lenye joto, juu ya vile vipande vilivyoning'inia, akaandika jina lake lote na la baba yao.

Dada alipokea fomu, akahakikisha wino umekauka, akatia gia.

"Sasa sogeza pikapu, kaka. Kuna gari linataka kupita."