Siku Niliyoondoka Baada ya Chai

Kabla sijaaibika mara ya pili kwa kusimulia, naomba tutenganishe mambo. Yaliyotukia katika ukumbi wa chuo cha ushonaji kule Ruiru niliyaona kwa macho yangu, tena nikiwa nimepiga magoti chini ya meza mbele ya wazazi, wanafunzi na mgeni kutoka kiwanda cha nguo cha Thika. Yaliyofundishwa katika semina ya washauri wa kompyuta, kwenye hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania, niliyasikia tu kwa mdomo wa mwenzangu Odhiambo, kwa sababu mimi nilikunywa chai ya saa nne, nikala andazi, nikaondoka. Aibu yangu yote imo katikati ya mambo hayo mawili.

Niliondoka kwa nini? Mada ilikuwa usalama wa mashine mpya, na mimi niliingia kazini wakati kompyuta moja ilihitaji chumba chake, feni yake na mtu wa kuizunguka kwa heshima (vijana wa leo huizungusha mfukoni), hivyo niliona si haki mzee wa umri wangu kufundishwa tena kuwasha mashine. Jioni Odhiambo, ambaye kwao ni Siaya lakini ameishi Thika hadi anatania watu kwa Kikuyu, akanipigia simu.

"Mzee, umekosa kitu. Hizi mashine za siku hizi zinafunga diski zenyewe, hata kama hujaziambia. Ukizichokoza huko ndani, zinakudai ufunguo."

"Odhi, hiyo ni habari ya kuambiwa. Mimi huamini nilichokiona."

"Sawa, Mzee. Si ungekaa basi ukaona?"

Nilikata simu.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Nyambura, mkuu wa chuo nilichokitaja, aliniita niwaunganishie projekta. Chuo kile kina kompyuta moja nzuri ya mezani, na ndani yake mlikuwa na kazi zote za wanafunzi: michoro, vipimo na picha za nguo walizobuni mwaka mzima. Bi. Mutheu, mgeni wa kiwandani, alikuja kuzitazama ili achague wa kuwapa ajira, na alikwisha kusema kwamba mchana angekwenda chuo kingine cha Juja. Kazi zisipoonekana asubuhi ile, hazingeonekana tena. Aliyelijua hilo kuliko wote ni Muthoni, msichana wa Ngoliba, aliyeketi safu ya mbele kando ya mamake akikunjakunja kitambaa mikononi.

"Guka, chunga hiyo kitu vizuri," mamake aliniambia nikipita, akiniita babu kwa Kikuyu. "Mtoto wangu yuko huko ndani."

Projekta ilikubali mara moja. Picha zikatokea ukutani, safi kabisa. Ningeketi hapo, ningekula wali wa watu na kurudi Thika na heshima yangu nzima. Lakini niliona kwamba saa ya kompyuta imechelewa.

"Inafanya kazi, Mzee Karanja. Tuiache tu," alisema Mwalimu Nyambura.

"Mashine isiyojua saa haiwezi kuaminiwa," nilimjibu (hebu fikiria mtu mzima kutamka hayo hadharani).

Naye, kwa kunistahi mbele ya wazazi, akatangaza, "Msijali, huyu mzee ametoka mafunzo Chania juzi. Anajua mambo ya kisasa yote." Wakapiga makofi. Mimi ninayechukia uvumi, ule niliuacha upite, tena nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Basi nikaizima, nikafungua kifuniko kwa bisibisi yangu, nikatoa ile betri ndogo ya mviringo inayotunza saa, nikatia mpya (huwa natembea nayo mfukoni kama wengine wanavyotembea na peremende), na kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea, nikafuta mipangilio yote ya ndani ili mashine ianze na moyo mweupe. Ndivyo nilivyofanya miaka yote, na miaka yote mashine zilinishukuru. Hii haikunishukuru. Ilipowaka, ukuta mzima ukawa buluu tupu, na juu yake maneno yanayodai ufunguo wa tarakimu nyingi kupita kiasi.

"Haiya! Nguo zimeenda wapi?" akauliza mamake Muthoni.

"Guka amechoma," ikasema sauti ya kijana huko nyuma, na benchi lote likacheka.

Bi. Mutheu akatazama saa yake (hiyo ilikuwa sahihi).

Mwalimu Nyambura, mwanamke mwepesi wa akili, akamwomba Pasta Gathogo, ambaye kanisa lake ndilo mlezi wa chuo, atuombee tukisubiri. Pasta akashika maikrofoni, akafumba macho, akaanzia uumbaji wa dunia.

Nami huku chini nikatoa flashi yangu. Kwa wasioijua kazi yetu, mashine ikigoma kabisa, dawa ya wazee ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Nilikuwa nimekwisha kuichomeka flashi, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, Muthoni alipoinama akaninong'oneza, "Guka, kazi zangu bado ziko?"

Maisha yangu yote nimekataa kuthibitisha nisichokiona, na pale sikuona kitu ila buluu. Nikaondoa kidole, nikatambaa hadi nyuma ya meza, nikampigia Odhiambo.

"Odhi, ile habari uliyonipa."

"Ipi, Mzee? Ile ya kuambiwa?"

"Odhi, watu wanaomba hapa."

"Basi usifute kitu! Umesikia? Ukifuta, umezika. Ufunguo uko kwa barua pepe ya mtu aliyeiandaa hiyo mashine ikiwa mpya. Mtafute huyo."

Nilipomuuliza Mwalimu Nyambura ni nani, akaweka mkono kinywani. "Ni Pasta. Siku ile tuliinunua, ni yeye tu alikuwa na bando la intaneti."

Wakati huo Pasta alikuwa amewafikisha wana wa Israeli ukingoni mwa bahari. Nililelewa kujua kwamba mtu akizungumza na Mungu hakatizwi hata paa likiungua. Lakini nilisimama, vumbi magotini, mbele ya umati uliofumba macho nusu nusu, nikamvuta mkono wa koti. Akaendelea. Nikamvuta tena. Akafungua jicho moja.

"Samahani, Pasta. Ni kuhusu barua pepe yako."

Maikrofoni ilikuwa wazi. Ukumbi wote ukasikia.

"Mzee Karanja," akasema mumo humo ndani ya maikrofoni, "Bwana alikuwa karibu kujibu. Amina."

Sijawahi kuchekwa vile tangu nizaliwe. Pasta akautafuta ufunguo kwenye simu yake, akaupata, na akaanza kuutangaza kwa maikrofoni kama nambari za nyimbo, hadi Odhiambo akapiga kelele sikioni mwangu, "Mwambie asiutangaze! Hiyo ni siri, Mzee!" Ikabidi Pasta naye ashuke chini. Wazee wawili tukapiga magoti mbele ya kompyuta, mmoja akinong'ona, mwingine akibofya, na sijui aliyeingia wakati huo alidhani tunaabudu nini.

Buluu ikatoweka. Kazi zote zilikuwepo. Ya kwanza kutokea ukutani ilikuwa gauni la kijani lenye mfuko wa siri kiunoni, na mamake Muthoni akaruka, "Hiyo! Hiyo ni ya huyu wangu!" Bi. Mutheu akaweka mkoba chini, akavuta kiti karibu. Mimi nilibaki sakafuni, nikirudisha kifuniko kwa bisibisi yangu.

Nimejivunia siku zote kutoamini ya kuambiwa. Lakini asiyeamini ya kuambiwa ana wajibu mmoja mzito, nao ni kwenda kujionea. Mimi nilikataa habari, na kabla ya hapo nilikuwa nimekikataa kiti ambacho ningeipata habari hiyo nikiwa nimekikalia. Mtu anayeshika mashine zenye kazi za wenzake hana ruhusa ya kufanya hivyo, awe na mvi kiasi gani.

Nasikia Muthoni amechukuliwa kiwandani. Nimeambiwa na watu watatu, ila sijamwona langoni, basi siapi. Nasikia pia kwamba pale chuoni sala ikirefuka, wanafunzi huuliza Mzee Karanja yuko wapi; hilo nalo halijafika masikioni mwangu moja kwa moja. Ninaloweza kulithibitisha ni kwamba katika semina iliyofuata kule Chania niliketi safu ya mbele, kando ya Odhiambo. Chai ya saa nne ikaletwa, nikanywa, na mkufunzi aliporudi ubaoni, nilikuwa bado nimeketi.