Bomba la Ruvu Kwenye Mfuko wa Saruji

Enzi zetu za shule ya msingi kule Chole, Kisarawe, slaidi ilikuwa mfuko wa saruji. Ukisikia mtu anajenga, ulikwenda kumwamkia kwa adabu zote, hata kama jana yake ulimpita bila salamu. "Shikamoo babu. Mifuko mmeshaimaliza?" Ukishapewa, unaukung'uta mpaka kope zinageuka nyeupe, unauchana, unatoa karatasi la ndani lisilo na maandishi. Huo ndio ukurasa wako mmoja. Ukikosea umekosea, hakuna kitufe cha kufuta.

Mwalimu Shomari, aliyetufundisha maarifa ya jamii, alitaka maneno machache yanayosomeka na aliyekaa dawati la mwisho. Na anayeeleza asiligeuzie darasa mgongo. Ukigeuka tu kusoma, alikukatisha: "Karatasi tumeshaliona. Wewe ndiye hatujakusikia!"

Mimi hasa ndiye niliyekuwa sisikiki. Kuchora nilijua, lakini mbele za watu sauti ilikauka. Baba ilimkera sana. Siku ya wazazi ilipokaribia akaniambia, "Ukisimama tena kama gogo, muhula ujao unahamia kwa shangazi yako Mbwawa." Shangazi huyo aliamsha watoto kabla hata jogoo hajafikiria kuwika, na Mwajuma, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, angebaki Chole. Niliogopa mpaka wali ulinishinda, na wali nyumbani kwetu haukuwa chakula cha kila siku.

Basi kwa siku hiyo mimi na Mwajuma tukachora safari ya maji kutoka mto Ruvu mpaka Dar es Salaam. Tukazidisha madoido. Mto tuliubandika kwa mchanga, mashamba kwa punje za mahindi, bomba kwa mtama mwekundu, vyote kwa gundi ya unga wa muhogo. Tukalitundika karatasi ukutani nje, tukarudi nyuma kulitazama, tukapongezana.

Kwaya ilipokuwa inaimba, kuku wa mwalimu mkuu wakafika. Walianza na bomba. Wakahamia mashambani, wakaparua na mto kutafuta gundi mpaka karatasi likatoboka. Tulipoitwa, kilichobaki kizima ni maneno DAR ES SALAAM kule juu, wasikofika. Mwajuma alilitazama karatasi mara moja, akakimbilia chooni.

Nikabaki peke yangu na fimbo ya kuonyeshea. Baba alikuwa mstari wa mbele, na usoni mwake niliiona Mbwawa nzima. Nikaelekeza fimbo kwenye tundu, nikasema, "Hapa palikuwa na mto."

Wazazi wakaangua kicheko, na kicheko kile kikanifungua koo. Nikaeleza yote: yanakochotwa maji, yanavyosafishwa, yanavyosukumwa mpaka mjini. Sikugeuka hata mara moja. Nigeuke kutazama nini?

Nilipomaliza, baba akasimama. "Na sisi huku Chole, hilo bomba lilipita wapi kabla ya kuku?"

"Hata kabla ya kuku hatukuwemo, baba."

Walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akavua kofia kujipepea, kisha wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe kwa nini hatumo, na mkutano ukachelewa kufungwa. Baba akamgeukia mama. "Huyu haendi Mbwawa," akasema. Nikatimua mbio kwenda kumtoa Mwajuma chooni.

Leo nafundisha chuoni Kibaha, na vijana wangu wana projekta. Slaidi zao zinazunguka, zinadunda, zinaingia kwa mlio wa pikipiki. Maandishi ni madogo kama chawa, na mwenye slaidi anausomea ukuta huku sisi tukisoma kisogo chake. Nikisema, "Punguza maneno, tuangalie sisi," najibiwa, "Madam, mbona vyote vipo pale?" Ni kweli, vipo. Tena vinapendeza kuliko chochote nilichowahi kubandika.

Mwishoni huja slaidi yenye maua: Asanteni, maswali? Darasa linapiga makofi, linaipiga picha kwa simu, linatoka. Hakuna anayeuliza, na naona aliyesimama mbele akishusha pumzi kwa furaha kwamba hakuulizwa. Hapo ndipo baba ananijia, marehemu baba yangu, aliyenisikiliza mpaka mwisho akawa bado anataka kujua zaidi.