Asubuhi Niliyorudishiwa Lavington

Niliporudi kutoka vitani Somalia niliacha jeshi, nikawa namsaidia mke wangu katika duka lake la vyombo vya plastiki pale Ngara. Kila jirani alipofungua kwa kishindo mlango wake wa mabati asubuhi, nilijikuta nimelala sakafuni kati ya mabeseni, wateja wakinitazama. Gari sikuthubutu tena kuendesha. Mke wangu ndiye aliyesikia kanisani kuhusu kliniki moja ya Lavington inayotibu kiwewe cha vita, akanipeleka mwenyewe.

Daktari, mama mmoja mtulivu, alinivalisha miwani mikubwa iliyoziba macho kabisa, na hedifoni masikioni. Mara, kwa picha za kompyuta, nikawa ndani ya lori la jeshi, barabara ya vumbi mbele yangu, migunga huku na huku. Nikigeuza kichwa, picha nayo inageuka.

"Niambie kilichotokea, afande," alisema. "Polepole tu."

Siku ya kwanza niliivua miwani kabla lori halijaondoka. Hakunilaumu. Tukarudia wiki baada ya wiki, nikisimulia kwa sauti: msafara, kona, bomu, moshi, na rafiki yangu dereva ambaye hakutoka. Nilikuwa nikimaliza shati limelowa. Mke wangu alinisubiri kwenye benchi la nje, tukaenda nyumbani.

Kisha siku moja, tukikaribia ile kona, daktari akauliza, "Kabla ya hapa mlikuwa mnaongea nini?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Kwangu siku ile ilianzia kwenye mlipuko. Nikatazama vumbi, na hapo nikamsikia rafiki yangu akilalamikia chai. Alfajiri ile nilikuwa nimeichemsha kwa maziwa ya ngamia, kwenye mkebe uliojaa masizi. "Hii chai yako," aliniambia, "hata ndama wa kwetu Machakos angeikataa." Tukacheka mpaka sajenti akatufokea. Kulikuwa na baridi, jua linachomoza, na tulikuwa vijana.

Nikacheka ndani ya ile miwani, machozi yakijaa humo humo.

"Tusimamishe?" daktari akauliza.

"Ngoja kidogo. Huyu jamaa bado anaongea."

Bomu lililipuka kama kawaida, lakini safari hii nilibaki nimekaa. Tukirudi nyumbani nilimweleza mke wangu habari za ile chai, na njia nzima alitaka kusikia zaidi.

Siku hizi naendesha gari tena, ingawa moyo hudunda nikiona barabara ya vumbi. Nazitamani zile alfajiri za jangwani, jambo ambalo sikudhani ningelisema.

Mwezi uliopita niliendesha hadi kwa mamake rafiki yangu. Alikuwa anaambua mbaazi.

"Mwanangu," alisema, "asubuhi ile alikuwaje?"

"Alikuwa anacheka, mama."

Akaniuliza kilichomchekesha. Nilipomaliza kumweleza, alinisogezea ungo, akaanza kunisimulia utoto wa mwanawe.