Nilimwachia Wifi Mkasi, Nikamnyang'anya Mbele ya Mteja

Admin, jina langu usilitoe hata herufi moja, maana wifi yangu naye anausoma ukurasa huu na nikijulikana nimekwisha. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka thelathini na saba, naishi pwani huku Msumbiji, kaskazini mwa Cabo Delgado, si mbali na Quionga. Ni fundi cherehani. Naandika nina hasira, na ninayemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Kazi yangu naifanyia barazani kwangu. Mteja akija nampima mimi, nakata mimi, nashona mimi, napiga pasi mimi, na akileta maneno nagombana naye mimi. Wifi yangu, nitamwita Zainabu, mdogo wake mume wangu, ana miaka mingi pale barazani, na muda wote huo nimemwachia vifungo na pindo tu. Mkasi wangu hagusi mtu. Mume wangu hutania kwamba nikifa nizikwe nao.

Mtoto huyu wa nne nimempata kwa upasuaji. Hospitali wakaniambia nisiiname na nisikae kitako muda mrefu. Mama yangu akavuka Ruvuma kuja kuniuguza arobaini yangu, na mama yangu kwenye arobaini hana mchezo: uji wa pilipili manga, maji ya moto, mlango umerudishwa. Nilipouliza habari za cherehani alinijia juu. "Unataka nshono ufumuke tumbo lije mikononi? Lala! Nguo hazifi, anayekufa ni ntu."

Tatizo nilikuwa nimeshapokea sare ya harusi, kapulana, yaani vitenge vya huku, zenye picha za tausi, za shangazi zake bwana harusi. Basi nikawa nalala huku masikio yako barazani. Cherehani ikinyamaza kidogo tu napiga kelele, "Zainabu, kuna nini?" Yeye anajibu, "Natunga uzi, wifi." Baada ya muda naita tena. Mtoto akawa halali kwa kelele zangu.

Siku moja mama kaenda kununua samaki, nikamwambia Zainabu aniletee vitambaa na mkasi kitandani. Akasema, "Wifi, nambie tu vipimo, nikate mimi chini kwenye mkeka." Nikamfokea. Kitanda chenyewe chembamba, nikakunja kitambaa kwa upana, nikakata mbele na nyuma kwa pamoja, magauni yote, haraka haraka kabla mama hajarudi. Mafundi wenzangu mmeshajua nilichokifanya. Kitambaa chenye picha za kusimama hakikunjwi vile. Zainabu alipounganisha gauni la kwanza akaja mlangoni amelishika. "Wifi, tausi wa ngongoni wote miguu juu."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia kaunganisha vibaya yeye! Akanigeuzia gauni nikaona kwa macho yangu. Nilitamani kulia. Kapulana ile imeisha dukani na harusi imefika.

Zainabu akaenda dukani. Alinunua kitambaa cha kijani kisicho na picha, akakata migongo mipya yote, wale tausi waliopinduka akawageuza kuwa mikanda. Wale shangazi walipendeza mpaka watu wakawa wanakuja kumuulizia yeye. Mimi ndani nasikia, "Mana Zainabu yupo?", yaani dada Zainabu, si mimi. Ilinichoma jamani, sitawaficha.

Lakini mama alishaninyang'anya mkasi, sikuwa na la kufanya zaidi ya kunyonyesha na kuwaza. Na katika kuwaza nikaona jambo. Ninachokipenda kweli, na ninachokiweza kuliko wote hapa kwetu, ni magauni ya bibi harusi. Sare za shule, suruali za kupunguza, vyote hivyo vinanila siku nzima halafu bibi harusi namshona nimechoka. Nikamwita Zainabu, nikamwambia mbele ya kaka yake: mimi nitabaki na mabibi harusi, kazi nyingine zote ni zako, kukata humo humo. Alilia kwa furaha. Na mimi moyo ulitulia kwa kweli.

Arobaini ikaisha, nikatoka barazani. Siku hiyo hiyo akaja mama mmoja na kitambaa cha gauni la Idi la mwanawe. Zainabu akapima, akachora chaki, akainama kukata. Mimi nimekaa nyuma yake na mtoto. Sijui kilichonipata. Nilinyanyuka nikamchukulia mkasi mkononi, nikasema, "Hapo sivyo, lete."

Mteja akatazama chini. Nikatazama ile chaki: ilikuwa pale pale ambapo ningechora mimi.

Zainabu akajifunga kanga yake. "Wifi, mi nimechoka kuwa nkono wako. Nikirudi, nirudi na kichwa changu." Akaondoka.

Sasa kuna fundi mmoja mjini Palma anamtaka akashone kwake, na Zainabu amesema atampa jibu Ijumaa. Mume wangu hataki kusikia, anasema mmoja dada mwingine mke, tusimgawe vipande. Mama ameniambia kwamba nilipumzisha tumbo tu, mikono sikuipumzisha. Kidonda kinavuta nikikaa saa nzima, nguo za watu zimejaa mpaka kwenye kiti, na gauni la bibi harusi halijaguswa.

Nikienda kumwomba radhi najua atarudi, moyo wake naujua. Ninachoogopa ni kesho yake, atakapoinama kukata na mimi nimekaa nyuma yake. Nishaurini ndugu zangu, hii mikono yangu niifanye nini?