Mchuzi wa Kumwongoza Marehemu

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Mimi sikusoma, lakini neno langu likiguswa ninalitambua.

Mume wangu wa kwanza, ambaye si babu yako, alikuwa mpishi wa Mtaliano mmoja, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, kule kisiwani Nosy Be, hapa hapa Madagaska. Ilikuwa miaka ya mwanzo wa uhuru: bendera ilikuwa mpya, wakubwa wa kiwandani walikuwa wale wale. Mtaliano hakuwa na mke. Alichokitaka mezani, takriban kila siku, kilikuwa tambi ndefu zilizomwagiwa mchuzi wa nyanya na pilipili, mchuzi ambao kwa lugha ya kwao waliuita mchuzi wenye hasira. Alimfundisha mume wangu kuupika, naye mume wangu akaupenda kuliko wali. Kila alipopata ruhusa ya kuja nyumbani alibeba kibakuli cha bati chenye kifuniko, akampa mama yake kwanza, kisha mimi. Mama mkwe alikula akikohoa na kucheka, akifuta macho kwa ncha ya shiromani aliyojitanda. Mimi nilikula kwa adabu, macho chini, na kwa adabu hiyo sikujifunza kitu.

Masika moja homa ilimshika, ikamwondoa. Tulimzika huko huko Dzamandzar. Chumba tulichokaa kilikuwa cha wafanyakazi, na wanawake wawili wasio na mfanyakazi hawakuwa na haki nacho. Eda yangu ilipokwisha, mimi na mama mkwe tulipanda chombo cha mizigo hadi mji huu wa Mahajanga, tukaingia katika nyumba hii ya mtaa wa Tanambao, ambayo mama mkwe aliachiwa na kaka yake. Kaburi tuliliacha nyuma. Mimi sikuwa na wazazi tena. Katika dunia nzima nilikuwa na yule bibi peke yake, naye alikuwa na mimi.

Sasa sikiliza vizuri. Wazee wetu waliotoka Ngazija walishika kwamba roho za waliokufa hurudi majumbani mwao Alhamisi, jua likielekea kuzama. Hazili, huvuta harufu. Zikikuta jikoni kunakaangwa kitu, huondoka zimeridhika na huwaombea walio hai. Zikikuta jiko baridi, huondoka na majonzi. Kwa sababu hiyo hapakuwa na nyumba ya watu wa kwetu iliyokosa kukaanga Alhamisi, walau vitumbua vichache.

Alhamisi yetu ya kwanza hapa nilikaanga samaki. Mama mkwe alikaa mlangoni hadi adhana ya magharibi, kisha akaisukuma sahani.

"Hakuja," alisema.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Ataijuaje nyumba hii? Alituacha Dzamandzar. Sasa hivi anapiga hodi kwenye chumba cha watu wengine, na watu hao hawamjui."

Maneno hayo aliyasema kwa Kingazija kilichochanganyika na Kimalagasi, kama ilivyosemwa kila siku nyumbani mwetu. Kiswahili hiki ninachokuambia uandike nilikirithi kwa baba yangu, muuza nguo, na leo sina wa kukizungumza naye ila wewe.

Tangu siku hiyo mama mkwe aliacha kula Alhamisi. Baadaye aliacha kula jioni zote. Kisha uji wa asubuhi nao ukawa unarudi jikoni umeganda. Nilimsihi, nikamkaripia, jambo ambalo mkwe hapaswi kulifanya. Alinijibu kwa upole: "Sitatia kitu kinywani, mwanangu anazunguka kisiwa kizima na njaa yake." Alikuwa na kifua kibovu tangu zamani, na sasa nilipomwogesha mbavu zake zilinijia mkononi moja moja. Nilijua kwamba asipokula, nitamzika.

Siku moja alifumbua macho akasema, "Mpikie mchuzi wake. Mahajanga nzima hapana jiko lenye harufu ile. Ataifuata."

Nilinunua nyanya kwa wanawake waletao vikapu kutoka Belobaka, na tambi katika duka la Mhindi. Jirani yetu, mwanamke mcheshi kupita kiasi, alinikuta nikimenya vitunguu saumu mlangoni.

"Tambi hizo mnatia iliki au zabibu?" aliuliza.

"Pilipili."

"Tambi na pilipili! Shoga, tambi ni sukari na nazi, ni chakula cha Idi. Huyo marehemu wenu alikaa kwenye kiwanda cha sukari, akagombana na sukari?"

Sikucheka. Lakini nilifanya kosa ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya. Nilikaanga vitunguu maji, nikatia bizari, nikaponda saumu, nikamalizia na tui la nazi, kwa maana nyumbani kwetu mchuzi usio na tui ulikuwa mchuzi usiokwisha. Mama mkwe alinusa tokea kitandani, akageukia ukuta.

"Huo ni mchuzi wa kila nyumba. Atapita hapo nje asitambue."

Alhamisi iliyofuata niliacha tui na bizari. "Mwanangu hakutia vitunguu maji." Nikaacha vitunguu maji. "Umeiunguza saumu. Yake ilikuwa tamu, yako inanuka kama unywele kwenye moto." Ndivyo alivyonifundisha, yeye aliyekuwa hajapata kuupika, akiongozwa na pua peke yake, na kila aliponisahihisha sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mara iliyopita. Nilijifunza kuikata saumu vipande vyembamba badala ya kuiponda. Nilijifunza kuitia pamoja na pilipili kavu katika mafuta yangali baridi, juu ya makaa machache, ili ukali utoke polepole. Nilijifunza kubakiza maji ya chumvi yaliyochemshia tambi na kuyarudisha kidogo katika mchuzi, hata ukashikamana nazo. Lakini bado alitikisa kichwa.

"Mafuta siyo. Yake yalikuwa na harufu ya majani mabichi."

Nilisimama na mwiko mkononi. Tulipikia mafuta ya njugu, kama watu wote. Macho yangu yalikwenda kwenye rafu iliyo juu ya kitanda chake. Pale palikuwa na chupa ya mafuta ya zeituni, ambayo mwalimu wa chuoni alikuwa ameyasomea Kurani ili mama mkwe apakwe kifuani. Kwetu zeituni haikuwa ya jikoni. Ilikuwa dawa, na iliyosomewa haikuchezewa.

"Mama," nilisema, "nadhani Mtaliano alipikia zeituni. Lakini tuliyo nayo ni hii ya kifua chako."

"Nipe."

Aliishika chupa kwa mikono miwili, akakaa nayo kifuani. Nilidhani amelala.

"Yamesomewa ili niishi," alisema. "Naye akiwa nje, niishi nifanye nini? Mimina."

"Yote, mama?"

"Kwani Mtaliano alimimina kwa kijiko cha chai?"

Nikamimina. Jua lilikuwa limeteremka, mlango wa nje uko wazi kama desturi ya Alhamisi. Mafuta yalipopata moto nyumba ilibadilika. Harufu ile ya majani ilipanda, saumu ikaifuata, kisha ukali wa pilipili ukashika koo kama mkono. Nilikohoa. Mama mkwe alikohoa kitandani. Nikazimwaga nyanya chunguni, zikalia, na katika mlio ule nilisikia kikohozi cha tatu.

Kilitoka mlangoni. Kilikuwa kifupi, mara mbili, kile ambacho mwanamume mwenye adabu hukitoa kabla ya kuingia penye wanawake, wapate kujistiri. Mume wangu hakupata kuvuka kizingiti bila kukohoa hivyo.

Sikugeuka. Mwiko ulikuwa unazunguka wenyewe mkononi mwangu.

"Karibu, baba," mama mkwe alisema nyuma yangu, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu Nosy Be. "Umechelewa. Kaa hapo."

Usiniulize kama palikuwa na mpita njia. Mlango ulikuwa wazi na moshi wa pilipili ulikuwa umefika barabarani. Mtu yeyote angalikohoa. Nimejiambia hivyo maisha yangu yote, na kila Alhamisi hujiambia tena. Nilipoepua chungu na kutazama, hapakuwa na mtu. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, amenyoosha mkono kuomba sahani. Alikula hadi akaufuta mchuzi kwa kidole, machozi yakimtoka, nami sikujua ni ya pilipili au ya nini.

Kuanzia kesho yake alikula uji, kisha wali, kisha akaanza kunigombeza juu ya chumvi. Aliishi miaka mingi. Zeituni tulianza kuinunua kwa ajili ya chungu, na kifua chake akakipaka mafuta ya nazi.

Babu yako, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alipokuja kuniposa, mama mkwe ndiye aliyempokea.

"Utamhamishia kwako?" alimuuliza.

"Ndiyo, mama. Nina vyumba viwili."

"Hahami. Mwanangu ameshaijua njia ya hapa, sitampoteza tena. Ukimtaka, njoo wewe."

Babu yako alinitazama akitaraji nitacheka. Sikucheka. Alikwenda akafikiri, akarudi na cherehani yake begani.

Alhamisi ya kwanza ya ndoa yetu aliingia jikoni mafuta yakiwa yamepata moto. Macho yalimwiva, akajifunika pua kwa kofia, akaona mkeka umetandikwa mlangoni na hakuna aliyeukalia.

"Tuna mgeni?" aliuliza.

"Hapana," nilimjibu. "Ni mwenye nyumba. Wewe kaa upande huu."

Akakaa.