Sentimita ya Asubuhi

Fundi Elisaria alikuwa na habari moja aliyompa kila mteja, atake asitake: mtu huamka mrefu, huenda kulala mfupi. Alikuwa ameshona kanzu miaka kumi na saba kwenye baraza la nyumba yetu Kariakoo, na daftari lake lilionyesha kwamba mteja aliyepimwa asubuhi akirudi kujaribu jioni, kanzu inaburuza. Kwanza alidhani utepe wake umevutika. Akanunua mwingine. Kanzu zikaendelea kuburuza, mpaka muuguzi mmoja aliyemshonea gauni akamweleza kwamba kati ya pingili za uti wa mgongo kuna vitu laini, mchana vinakandamizwa na uzito wa mwili, usiku mtu akilala vinanywa maji na kunenepa. Tofauti ni kama sentimita moja. Tangu siku hiyo Elisaria hakupima mtu bila kuandika na saa.

Mimi nilikuwa nauza uji baraza lilelile. Habari hiyo niliisikia mara nyingi kuliko jina langu, Severa, na sikuona itamsaidia nani.

Ukaja mwaka wa Nguvu Kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alipakiwa kwenye lori na kurudishwa kijijini kulima. Shaibu, mtu wa Masasi, alibeba magunia sokoni tangu alfajiri, lakini hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba magunia yale aliyabeba yeye. Mkewe Mboni alikuwa na mimba ya miezi minane.

Jumanne akasikia bohari moja inaajiri walinzi, kitambulisho siku hiyohiyo, mradi mtu asipungue sentimita mia na sitini na tano. Akaenda alasiri, katoka kubeba mchele. Akapimwa mia na sitini na nne. Karani, Bwana Benjamini, akamwambia nafasi zinafungwa Ijumaa, arudi akisharefuka. Shaibu alikuja kutusimulia, akavuta kigoda changu.

"Usikae," alisema Elisaria.

Alimlaza ukumbini mpaka kulipokucha, kisha akampandisha kwenye mkokoteni akiwa vilevile chali, maana mtu akishasimama tu anaanza kupungua. Ili watu wasimsimamishe kumsalimia, akamfunika kwa kitambaa pekee alichokuwa nacho: marekani nyeupe ya kushonea mifuko, kuanzia kichwani hadi miguuni. Mimi nikafuata na ndoo yangu ya uji.

Wazee wa kahawa pale kwenye kona walituona. Mtu kalazwa, kafunikwa nyeupe, na fundi anasukuma kwa uso wa huzuni, ambao ndio uso wake wa siku zote. Wakaweka vikombe chini, wakashika mkokoteni. Kusindikiza maiti hakungoji mwaliko. Kila duka tulilopita likatoa mtu mmoja au wawili, na kabla hatujafika mbali walikuwa arobaini, wanakata kona kuelekea makaburini.

"Si huko," alisema Elisaria. "Tunaenda bohari."

"Bohari kufanya nini?" aliuliza Mzee Nassibu, aliyekuwa ameshika mbele.

"Anaenda kuanza kazi."

Mzee Nassibu alimshika bega. "Pole sana, fundi. Mungu atakupa subira."

Sauti ikatoka chini ya marekani. "Shikamoo, mzee. Mimi mzima. Nimekatazwa kuinuka tu."

Kumi hivi walikimbia. Waliobaki walielezwa habari za pingili katikati ya barabara, kwa utulivu, kama ambavyo wateja huelezwa. Mzee Nassibu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huna karatasi?" akamuuliza Shaibu.

"Sina, mzee."

"Basi acheni kumtikisa," aliwaambia wenzake. "Twendeni."

Bwana Benjamini alifungua mlango wa bohari akakuta mazishi. Wanaume wanne walimnyanyua Shaibu mkavu kama ubao, wakamsimamisha ukutani moja kwa moja. Mia na sitini na tano na robo. Bwana Benjamini akapima tena, kisha akaandika. Mimi nililia hadharani, na sioni aibu kusema.

Alhamisi asubuhi nilikuta baraza limejaa. Watu kumi na mmoja walikuwa wamelala chali kwenye saruji, kimya, viatu vimepangwa pembeni, wanamngoja fundi. Elisaria aliwapima mmoja mmoja palepale walipolala. Wengine walihitaji nusu sentimita, wengine hawakuhitaji chochote ila walihofia. Wa mwisho alikuwa makanika wa Buguruni, mtu mzima mwenye mvi. Alipungukiwa na sentimita tisa.

Elisaria, ambaye hakuwahi kumdanganya mteja hata kwa upana wa uzi, aliukunja utepe polepole. Lori lilikuwa linanguruma mtaa wa pili.

"Vipi, fundi?" aliuliza yule makanika, macho juu.

"Endelea kulala," alisema Elisaria. "Bado hujajaa."