Gesi Imempandia Nani?

Jumamosi hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu. Nimesimama kwenye ngazi za nyumba tuliyopanga pale Gitothua, simu juu, napiga kelele. (Nakuita mwanangu ingawa sina mvi hata moja. Aliyetangulia kulipa bili ana ruhusa kidogo ya kujifanya mzee.)

Tulipikia gesi ya bomba. Tangi kubwa lilikuwa nyuma ya nyumba, bomba likaingia kila jikoni, na kila mlango ulikuwa na mita yake. Mwezi huo mwenye nyumba alibadilisha malipo. Bili yangu ikaja kubwa kuliko zote zilizotangulia, na mimi karibu mwezi mzima nilikuwa nakula nje, kwenye nyama choma za Kamakis!

"Tunaibiwa!" nikawaambia majirani. "Jumatatu twende kwa mwenye nyumba, wote pamoja, aondoe hili tangi. Turudi kwa mitungi."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu majuzi, nikihoji kila kitu, na watu walipenda nikihoji. Wakashangilia. Mwenye nyumba naye alikuwa ameshasema kwamba wengi wakikataa, tangi linaenda.

Mama Njambi wa chini hakushangilia. Alikuwa akikaanga mandazi na kuyapeleka vibandani kila asubuhi, na hayo ndiyo yaliyosomesha watoto wake. Mitungi ilishamtesa: inaisha katikati ya kukaanga, unga umeumuka, duka la gesi limefungwa. Akapanda hadi nilipo, mikono imejaa unga.

"Sasa wewe baba," akasema, "nikirudi kwa mtungi, naacha hii kazi. Na kwa hii bei mpya pia siwezi. Nimeshaambia wateja wawili watafute mtu mwingine. Hebu nisomee bili yangu."

"Kwani hujaisoma?"

"Niisome ya nini? Si wewe umesoma mpaka ukavaa joho? Ulisema imepanda, nikajua imepanda."

Majirani wakacheka. Nikafungua ujumbe kwenye simu yake, nikausoma, nikaurudia. Gesi yenyewe ilikuwa imeshuka bei! Kilichoongezwa ni ada ya mita, sawa kwa kila mlango, upike usipike. Kwa anayekaanga kila siku, nafuu ya gesi inafidia ada hiyo na kubakisha. Kwangu mimi wa kuchemsha chai tu, hakuna cha kufidia. Bili yake ilikuwa imepungua.

"Na kama mita inadanganya?" akauliza.

Swali zuri! Tukashuka jikoni kwake, tukafunga gesi, tukaikodolea mita macho. Namba hazikusogea. Tukawasha, zikaanza kukimbia. Tukafunga tena, zikasimama. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu, jikoni mwa wenyewe.

"Unampigia nani makofi?" akaniuliza. "Si wewe ndiye umepandishiwa?"

Haki ni mimi! Lakini nilipanda ngazi mbio, nikawaambia majirani kila mtu afungue bili yake, asome mistari yote miwili. Wenye familia wakaguna, kisha wakatabasamu. Tuliopandishiwa tulikuwa makapera wachache. Jumatatu tulienda kwa mwenye nyumba na ombi jingine: asiyetaka mita airudishe, ila tangi libaki. Akakubali. Mimi nikanunua meko, ule mtungi mdogo wenye kichomeo juu yake. Mama Njambi akawapigia simu wateja wake wawili.

Kwa hivyo, mwanangu, malipo yakibadilika usiishie kwenye jumla. Soma kila mstari: kipi kinafuata matumizi yako, na kipi utalipa hata ukilala njaa? Linganisha na mwezi uliopita. Jaribu mita mwenyewe. Shuku, tena shuku sana. Mimi hadi leo nashuku. Ila kabla hujasema "tunaibiwa", muulize jirani bili yake imekuja ngapi. Huenda kelele zako ndizo zitakazomzimia jiko.

Mungu akuwekee moto jikoni na watu wa kuwapikia, akupe mdomo wa kuuliza na subira ya kungoja jibu.